Machi ya kijeshi kwa bendi ya jukwaani: kuitunga, kuipangia vyombo na kuiandikia tabaruku

Watunzi wengi huiacha tabaruku hadi mwisho, nota zikiwa zimeshakamilika, ndipo waanze kuuliza, "Hii tumpe nani?" Kwa wimbo wa mapenzi haina neno. Kwa wimbo wa gwaride, au machi kama wanabendi wanavyoiita, ni kosa la kwanza na makosa mengine huzaliwa hapo. Anayetabarukiwa ndiye anayeamua kasi, urefu, ufunguo, jina, na hata chombo kitakachoshika wimbo kwenye trio, ile sehemu ya upole yenye ufunguo mpya. Ukimjua mapema, nusu ya maswali ya utunzi yanajijibu yenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeweza kuandika nota, au aliyelelewa kwenye kwaya na sol-fa na ana mwenzake wa kumhamishia kwenye nota. Bendi tunayoifikiria ina watu 30 hadi 45, filimbi, klarineti, shaba na ngoma, wakiwa wamekaa ukumbini. Machi ya jukwaani lazima iweze pia kutoka nje na kutembewa. Isipotembeka, ni muziki wa aina nyingine uliovaa sare.

Kwanza: nani, na kwa uhusiano gani

Kuna mambo manne ambayo watu huyachanganya. Heshima ni kumtaja mtu aliyekuchochea. Tabaruku ni kuikabidhi kazi kwa mtu au kundi. Agizo ni pale mtu anapokuomba utunge, mara nyingi kwa malipo. Ruhusa ni idhini ya kutumia jina au nembo. Johann Strauss Mkubwa, alipotoa machi yake ya Radetzky huko Vienna mwaka 1848, alitenganisha mawili ya kwanza kwenye jalada lenyewe: ilitungwa kwa heshima ya jemadari mkuu, ikatabarukiwa jeshi la kifalme. Jemadari alipewa jina, askari wakapewa wimbo. Ni mpango mzuri na bado unafaa.

Ukitabaruku kwa mtu mmoja aliye kazini, jiandae kwa uhamisho. Makamanda huhama, na machi iliyoandikwa "Kwa Kanali Fulani, Kamanda wa Kikosi" inazeeka siku anapofika kamanda mpya. Mpya hataipenda, wa zamani hayupo kuidai, bendi inaiweka kabatini. Salama zaidi ni kutabaruku kwa kikosi, kwa cheo, au kwa waliotangulia mbele ya haki. Kama ni lazima awe mtu, mtaje mtu na kikosi pamoja, jina la wimbo libaki la kikosi.

Barua ya kuomba ruhusa iwe ukurasa mmoja. Iandike kwa mkuu wa kikosi, nakala kwa mkuu wa bendi. Mkuu wa bendi ndiye atakayeulizwa maoni, na akishtukizwa atasema hapana. Ndani yake weka jina la machi, maneno kamili ya tabaruku jinsi yatakavyochapwa (usiseme "maneno ya heshima" halafu ukayaandika baadaye), urefu kwa dakika, kama kuna malipo au hakuna, na kama unaomba kuchapa nembo. Nembo ni ruhusa yake peke yake; jina kukubaliwa hakumaanishi nembo imekubaliwa. Kama wewe mwenyewe ni askari, uliza pia utaratibu wa kuchapisha kazi nje. Mwingereza Frederick Joseph Ricketts alikuwa mkuu wa bendi jeshini, na machi zake alizitoa kwa jina la kubuni, Kenneth Alford. Kenneth lilikuwa jina la mwanawe, Alford la ukoo wa mama yake.

Maneno yenyewe yawe machache. Mfano: "Kwa maofisa na askari wa Kikosi cha …, walioko na waliotangulia." Hayo yanatosha. Sifa ndefu zinazotaja ushujaa usio na kifani na uzalendo uliotukuka ni za hotuba, na kwenye karatasi ya nota hazisomeki. Kabla ya kuchapa, mpe mtu wa kikosi akague vitu vitatu: jina rasmi la kikosi pamoja na namba yake, cheo kamili (Luteni Kanali si Kanali, na Brigedia Jenerali hafupishwi ovyo), na tahajia ya kaulimbiu. Kosa la cheo kwenye jalada ndilo litakaloonekana kabla hata ya nota kusikika, na hakuna bendi itakayokusaidia kulificha.

Kasi na urefu: pima kwa miguu

Muulize mkuu wa bendi kikosi kinatembea hatua ngapi kwa dakika. Mwendo wa haraka wa kawaida ni 116 hadi 120. Vikosi vya askari wepesi vya Uingereza hufika 140, na Jeshi la Kigeni la Ufaransa hutembea kwa 88 hivi, ndiyo maana machi zao zina uzito ule. Ukiandika machi ya 120 kwa kikosi cha 140, askari watakimbiza bendi au bendi itawakanyagisha.

Sasa hesabu. Kwa kasi ya 120, bari moja ya mapigo mawili (mbili kwa nne au sita kwa nane, yote sawa) huchukua sekunde moja kamili. Ubeti wa bari 16 ni sekunde 16 na hatua 32. Hatua ya gwaride kwa desturi ya Kiingereza ni inchi 30, yaani kama sentimita 76, kwa hiyo ubeti mmoja unamsogeza askari mita 24 na ushei. Hii si hesabu ya kujifurahisha. Ukijua kuna mita 70 kutoka kona ya uwanja hadi jukwaa la saluti, unajua ni beti tatu hivi, na unajua trio ya upole haipaswi kuangukia mbele ya mgeni rasmi.

Sita kwa nane au mbili kwa nne? Sita kwa nane inarukaruka, ina mchezo ndani yake. The Washington Post ya John Philip Sousa, iliyopigwa mara ya kwanza Juni 1889 kwenye utoaji wa zawadi za insha za gazeti la jina hilo, iko hivyo, na watu wakaichezea dansi. Mbili kwa nne ni kavu na ya moja kwa moja. Kwa tabaruku ya waliokufa, sita kwa nane huponyoka na kuwa ya kifurahi usipoishika vizuri.

Ramani ya machi

Huna haja ya kubuni umbo jipya. Lililopo limepimwa na miguu ya watu wengi:

Utangulizi, bari 4 au 8, wote kwa nguvu.
Ubeti wa kwanza, bari 16, unarudiwa.
Ubeti wa pili, bari 16, unarudiwa. Hapa ndipo besi na tromboni hupewa nafasi ya kuongoza.
Trio, bari 32 (au 16 zinazorudiwa), ufunguo mpya, sauti ya chini.
Mapambano, bari 16 hadi 24, shaba ya chini na vyombo vya juu wakijibizana kwa ukali.
Trio tena, mapambano tena, trio ya mwisho kwa nguvu zote, na pigo moja la kufungia.

Ukijumlisha kwa utangulizi wa 4 na mapambano ya 24 unapata bari 212, yaani dakika tatu na nusu. Kwa jukwaa inatosha sana. Kwa gwaride, bendi itazunguka na kurudia, hivyo hakikisha kila bari 8 kuna kituo kinachosikika. Kiongozi hukatisha machi wakati wowote amri inapotoka. Kwa desturi ya bendi za Kiingereza ngoma kuu hupiga mapigo mawili ya ishara kisha wote wanafunga pamoja. Ukiwa na sentensi ya bari 11 isiyopumua, watafunga katikati ya neno.

Kosa la kawaida kuliko yote ni ubeti wa bari 15 na nusu au 16 na nusu, yaani pigo moja limepungua au limezidi. Hutokea mtunzi anapoandika kwa sikio akisahau nota ya kuingilia. Ukumbini hakuna atakayejua. Uwanjani, ubeti unaofuata unaanzia mguu wa kulia, na safu nzima inaanza kubadili hatua. Hesabu mapigo ya bari zote kwa kalamu, mara mbili.

Trio ndipo tabaruku inaposikika

Karatasi ya tabaruku wataisoma watu wachache. Watakaosikia ni mamia. Kwa hiyo weka ndani ya muziki kitu ambacho askari wa kikosi hicho atakitambua akiwa amesimama juani bila kuona jalada. Mahali pake ni trio, kwa sababu pale sauti inashuka na sikio linafunguka.

Mfano wa kusoma na kusikiliza ni Semper Fidelis ya Sousa, ya mwaka 1888. Wakati huo alikuwa kiongozi wa bendi ya Wanamaji wa Marekani, kazi aliyoishika kuanzia 1880 hadi 1892. Jina ni kaulimbiu ya Wanamaji hao, tabaruku ni kwa maofisa na askari wao. Lakini angalia alichofanya kwenye trio. Bendi nzima inanyamaza, ngoma zinabaki peke yake zikitembea. Kisha tarumbeta zinaingia na wito wa nota za buruji (tarumbeta ya ishara za kijeshi), ule ambao askari alishausikia kambini. Sousa alikuwa ameuandika miaka miwili kabla, kwenye kitabu chake cha mafunzo ya tarumbeta na ngoma. Wito unarudiwa, na kila mzunguko unaongeza safu: filimbi na klarineti zinapamba juu, shaba ya chini inaingia na sauti yake ya pembeni. Wimbo haubadiliki, kinachokua ni umati unaouzunguka. Hakuna aliyehitaji kusomewa kwamba wimbo ni wa Wanamaji.

Unaweza kufanya hivyohivyo na kaulimbiu ya Kiswahili. Tuchukue moja ambayo kila Mtanzania anaijua, "Uhuru na Umoja". Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunasema u-HU-ru na u-MO-ja. Silabi ni saba, mkazo ni miwili. Kwa mbili kwa nne, "u" ya kwanza inakuwa nota ya kuingilia kabla ya bari. HU inaangukia pigo la kwanza, mguu wa kushoto. Zinafuata ru, na, u, kila moja nusu pigo, bari imejaa. MO inaangukia mguu wa kushoto wa bari ya pili, ja mguu wa kulia. Imekaa yenyewe, hatujalazimisha kitu.

Sasa nota. Buruji haina vitufe, na kwa kazi ya kawaida hutoa so ya chini, do, mi na so ya juu tu. Basi:

so | mi do do mi | so mi

HU iko kwenye mi, imezidi jirani zake. MO iko kwenye so, kilele. Ukibadilisha ukaweka so ya juu kwenye "na", msikilizaji ataisikia "uhuru NA umoja", na mtu wa Pwani atacheka. Hapo una bari 2. Zirudie, kisha andika bari 4 za kuendelea zinazoishia so, halafu anza tena na umalizie do kwenye bari ya 16. Mwisho huo unataka uangalifu: maneno yetu huisha na silabi dhaifu, wakati machi inataka kufunga kwa pigo zito. Suluhisho ni kuliacha neno katika sentensi za ndani, na kwenye bari ya 16 kuweka do moja ya pigo la kwanza isiyo na neno juu yake.

Jambo moja linasahaulika hapa. Kama kikosi kitaleta buruji halisi ya B♭, trio lazima iwe B♭. Na kwa kuwa trio hupanda kwa fa (fa ya zamani inakuwa do mpya), machi itabidi ianze kwenye F. Yaani unachagua ufunguo kuanzia trio, ukirudi nyuma. Kwa bahati ni funguo rahisi: klarineti za B♭ zitasoma G kisha C, alto saksafoni D kisha G, honi za F zitasoma C kisha F. Kama wito utapigwa na tarumbeta zenye vitufe, uko huru, na E♭ kwenda A♭ ndiyo njia iliyozoeleka. Epuka kuanzia A♭: trio itaangukia D♭, flati 5 kwa fluti na tromboni, na kwa wapigaji wa miaka miwili mitatu hapo ndipo sauti inapochafuka.

Kuazima wimbo wa kikosi

Badala ya wito, unaweza kuazima wimbo ambao askari huimba. Uliza kwanza ni wa nani. Mwaka 1917 Sousa aliombwa machi ya kikosi cha mizinga, akaijenga The U.S. Field Artillery juu ya wimbo wa wapiga mizinga akidhani ni wa zamani usio na mwenyewe. Kumbe ulitungwa mwaka 1908 na ofisa kijana aliye hai, Edmund Gruber. "Ni wimbo wa kitambo" si jibu. Tafuta jina na mwaka. Kazi yako mwenyewe ikiisha, isajili kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania, KECOBO kwa Kenya.

Kwetu Afrika Mashariki wimbo unaojitokeza haraka ni Funga Safari, waliotembea nao askari wa KAR (King's African Rifles). Unatambulika mara moja na unatembeka. Ila ni wimbo wa jeshi la mkoloni; mzee mmoja atasikia ujana wake, mwingine atasikia babu yake akipelekwa vitani asivyovijua. Kwa tabaruku ya mashujaa wa vita vikuu unaweza kufaa. Kwa kikosi kilichoundwa baada ya uhuru, tafuta kingine.

Wimbo wa taifa usiuguse kabisa, hata bari 2. Watu watasimama, maofisa watapiga saluti, halafu utaendelea na tararira zako nao wamesimama wameduwaa. Vivyo hivyo wito wa buruji wa maziko: ukiupachika kwenye trio, umesimamisha gwaride.

Kupanga vyombo

Kwa bendi ya watu 41 mgawanyo huu unasikika vizuri: filimbi ndogo 1, fluti 3, obo 1, klarineti ya E♭ 1, klarineti za B♭ 9 kwa sauti tatu, klarineti besi 1, alto saksafoni 2, saksafoni ya tena 1, saksafoni ya baritoni 1, korneti au tarumbeta 6 kwa sauti tatu, honi 4, tromboni 3, yufoniamu (kama tuba ndogo) 2, tuba 3, na wapiga ngoma watatu: snea (ngoma ndogo ya vijiti), ngoma kuu, matoazi. Bendi nyingi za kwetu hazina obo wala klarineti ya E♭. Usizipe kitu ambacho hakipo kwingine; andika nota zao kwa maandishi madogo kwenye nakala ya klarineti ya kwanza.

Tuba hupiga do na so kwenye mapigo, fupi. Honi na klarineti za tatu hujibu katikati ya mapigo. Hapa ndipo machi nyingi huvimba na kuchelewa: honi huvuta pumzi baada ya kila nota, na wakivuta wanachelewa. Andika kila jibu kama nusu pigo yenye nukta ya ufupi, na uwape pumziko la bari nzima kila baada ya bari 8. Hawatalalamika.

Korneti ya kwanza usiipandishe zaidi ya G iliyo juu ya mistari, isipokuwa mara moja mbili mwishoni. Mdomo huchoka, na machi inachosha kwa sababu haina mahali pa kupumua. Trio ya kwanza wape klarineti na yufoniamu wimbo, korneti zinyamaze bari zote 32. Wataingia trio ya mwisho wakiwa wazima. Ubeti wa pili fanya kama Sousa alivyozoea kwenye matamasha: mara ya kwanza kwa upole, filimbi ndogo, korneti na matoazi kimya; mara ya pili wote.

Yufoniamu ndiyo chombo chenye utamu uliofichika. Mpe sauti ya pembeni kwenye ubeti wa kwanza, lakini iende pale wimbo unaposimama na isimame pale wimbo unapokwenda. Zikienda pamoja zinafunikana, na kinachobaki ni uji.

Ngoma ya snea usiijaze. Wapiga snea wataongeza wenyewe, hilo halina dawa. Andika mdundo mmoja wa bari 4 kwa kila ubeti na uubadilishe kwenye mapambano. Matoazi hufuata ngoma kuu, na nota ya mkazo ya ngoma kuu iandikwe waziwazi, kwani wengi hupiga mapigo yote sawa na machi inageuka kuwa mashine ya kusaga.

Jalada na nakala

Kwenye nakala ya kiongozi, tabaruku inakaa juu kabisa kwa herufi za mlazo, ukubwa wa 10 au 11. Chini yake jina la machi, kisha "Machi ya mwendo wa haraka", kisha mtunzi upande wa kulia na mwaka. Ukiipanga chini ya jina la mtunzi inasomeka kama tangazo.

Andaa seti mbili. Ya ukumbini ni A4. Ya kutembea ni kadi ndogo ya kushikiza kwenye chombo, sentimita 13 kwa 17 hivi, upande mmoja tu, kwani hakuna mtu wa kugeuza ukurasa akitembea. Nafasi ikibana, fupisha tabaruku iwe mstari mmoja, usiiondoe. Chapa kwenye karatasi nene na uifunike kwa plastiki. Upepo wa Desemba uwanjani na jasho la vidole huharibu karatasi laini kwa siku moja. Kwa bendi ya watu 41 chapa kadi 50. Za akiba si anasa: zinazopotea daima ni za klarineti ya tatu na honi ya pili.

Mazoezi matatu

Zoezi la kwanza ni la ngoma na tuba peke yao, dakika 20, kwa metronomu ya 120. Wakikaa sawa, wengine wanaingia juu yao. Zoezi la pili liwe la wote wakiwa wamekaa, na sikiliza mahali pawili. Kwenye trio ya upole bendi hupunguza kasi, kwa sababu watu huchanganya upole na polepole. Kwenye mapambano huongeza. Weka saa: ubeti wa bari 16 uchukue sekunde 16. Ukipata 14, mpigaji wa snea ndiye wa kuzungumza naye.

Zoezi la tatu ni la kutembea. Piga machi yote nje, mwendo wa haraka, na mtu mmoja akitazama miguu tu. Mguu wa kushoto ukikosana na ngoma kuu mahali palepale kila mara, tatizo ni lako, si lao: rudi ukahesabu mapigo. Ukikosana mahali tofauti kila mara, ni uchovu au kona. Kagua pia kipigo cha kufunga. Wapo watakaokipiga hata kiongozi akikatisha katikati. Waambie kipo kwenye trio ya mwisho tu.

Siku ya kukabidhi

Tabaruku isomwe na mtu mmoja, kwa sauti, kabla ya pigo la kwanza, sekunde zisizozidi 20. Msomaji awe wa kikosi, mtunzi akae kimya. Cheo na jina yasomwe kutoka kwenye karatasi iliyokaguliwa, siyo kutoka kichwani. Mwaka 1930 Sousa, akiwa na miaka 75, alisafiri hadi Tidworth, Uingereza, kukabidhi machi aliyowatungia Royal Welch Fusiliers, kikosi kilichokuwa bega kwa bega na Wanamaji wa Marekani nchini China mwaka 1900. Alikwenda kuikabidhi mwenyewe. Kama huwezi kufika, tuma mwakilishi. Usitume kwa posta siku ya sherehe.

Anayepokea apewe nakala ya kiongozi iliyowekwa kwenye fremu au jalada gumu, yenye sahihi na tarehe. Mkuu wa bendi apewe kitu tofauti na chenye maana zaidi kwa maisha ya wimbo: seti nzima ya A4, kadi zote 50, na faili za kuchapia kwenye diski ndogo. Fremu itatundikwa ofisini. Kadi ndizo zitakazotoka uwanjani Desemba inayofuata, kwa hiyo zihesabu mbele yake na umwombe atie sahihi ya kupokea.